Duara la Wanakondoo

Msukuma akitaka kukuonyesha mali yake atakupeleka kwenye zizi la ng'ombe. Atakupitisha taratibu, akikueleza huyu mama yake ni yupi na yule alitoka kwa mjomba gani, na wewe kazi yako ni kuitikia "ehee" huku jua likikuchoma utosi. Mimi niliolewa Samuye nikitokea Nyahanga, Kahama mjini, na habari za ng'ombe nimezisikiliza mpaka basi. Mgeni akija kwangu namwonyesha kondoo. Wekundu, weusi, wa madoa, mikia imejaa mafuta mpaka inayumba wakitembea, na hakuna hata mmoja ambaye sikuwepo alipozaliwa. Nawasifia waziwazi na sioni haya, maana nimewatolea jasho.

Nilianza na jike mmoja, zawadi ya baba mkwe, Mungu amrehemu, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Katika mji ule kondoo hakuwa mali ya kuringia. Alikuwa wa kuchinjia wageni wakija ghafla, basi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa hanikuti nao bila kunichokoza.

"Shemeji, kondoo ni mnyama asiye na kelele. Sasa wewe na huo mdomo, mnaelewana vipi?"

"Mimi naongea, wao wananenepa," nilimjibu. "Na wewe ungenyamaza kidogo ungepata tumbo."

Alikuwa akicheka mpaka anashika mti. Mtu wa furaha, yule.

Yeye na mume wangu walikuwa wachimbaji Geita. Si wa kampuni. Walikuwa wa duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao: watu wachache wanashuka kwa kamba, wanapasua mwamba kwa nyundo na tindo, wanaupandisha juu kwa viroba, wakimwomba Mungu uwe na dhahabu. Walikuwa wanarudi nyumbani wakati wa mavuno na Krismasi. Mama mkwe alikuwa akiwapokea kwa kuwapapasa mikono na mabega, kimya kimya, mmoja mmoja, kabla hajaitikia shikamoo yao.

Kiangazi kimoja, duara lilititia shemeji akiwa chini. Mume wangu alikuwa amepanda juu kula. Yeye na mwenzao mmoja wa Geita walifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka, na walipomfikia walikuwa wamechelewa. Walimleta nyumbani tukamzika pembeni ya uzio wa minyaa. Sitaki kusema mengi juu ya siku ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mwenyewe hakusema neno.

Ila tangu hapo mama mkwe hakukubali kukaribia shimo lolote. Jirani alichimba choo, mama akaanza kuzunguka njia ya mbali kwenda kanisani. Hata kuchota maji kisimani aliacha, akawa anatuma watu, maana kule lazima uinamie shimo.

Mume wangu alibaki nyumbani. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, simu mkononi. Simu ikilia anaondoka, anaenda kuongelea nyuma ya ghala la pamba. Mimi sikuwa mjinga. Nilijua ni wenzake wa Geita wanamwita.

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu duniani: asirudi. Na sikumwambia. Kwanza, mimi sikuzaliwa na ulimi wa kubembeleza. Pili, nawajua wanaume wa huku. Ukimshika shati atakwenda makusudi, ili kesho isisemwe kwamba alizuiwa na mkewe. Basi nikafunga mdomo, mimi huyu wa kuitwa mdomo, na nikawa naumwa kichwa kila siku.

Sasa nieleze mambo ya kondoo kidogo, maana bila hayo hutanielewa. Dume langu namtenga, namwachia majike mwezi wa sita, ili wazae mvua zikianza. Majani yakichipua mama anapata maziwa. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ina ubaya wake. Mvua za kwanza za huku haziji kwa adabu. Zinakuja na upepo, na baridi, na pengine mawe ya barafu, na ardhi yetu ni mbuga nyeusi, ikilowa inageuka uji. Mwanakondoo aliyezaliwa sasa hivi, bado ana ute, akipigwa na mvua ile dakika chache tu anaganda. Mwaka uliotangulia nilipoteza wengi mchana mmoja. Niliwabeba jikoni kwa kanga, nikawaweka karibu na moto, wakawa wananifia mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alikuwa Geita. Nilimpigia simu nikilia, akasema pole. Pole! Nilikata simu nikaitupa kwenye unga.

Basi mwezi wa kumi, asubuhi, nimewatoa majike kwenye ngitili, lile eneo la malisho tunalolifunga msimu wa mvua ili lituvushe kiangazi, mume wangu akainuka kwenye kigoda chake. Akaja akasimama karibu nami. Akawaangalia wale majike, matumbo yameshuka, wanatembea kwa kujivuta.

"Hawa wanazaa lini?"

"Mvua zikianza."

"Wale wa mwaka jana walikufa kwa baridi, au kwa kulowa?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikameza. "Vyote viwili."

Mchana wake nikasikia nyundo nyuma ya zizi. Pale nyuma pana kichuguu kikubwa, kimeinuka kuliko paa la jiko letu, kigumu, hakuna trekta lililowahi kukigusa. Mume wangu alikuwa amevua shati, ana tindo na sululu, anakitoboa ubavuni.

Nikasema, huyu Geita imemtawala. Ameikosa mpaka ameanza kuichimba hapa hapa.

Mama mkwe naye alisikia. Alikuja na fimbo yake mpaka kwenye kona ya zizi, hakupita pale.

"Unamchimbia nani?" aliuliza.

"Kondoo, Mama."

"Kondoo wanakaa juu ya ardhi."

"Wanakufa na baridi, Mama."

"Mimi nimeshazika. Fukia."

Mume wangu aliinamisha kichwa, akasimama hivyo mpaka mama alipoondoka. Kisha akaendelea kuchimba. Katika miaka yote niliyokaa mji ule sikuwahi kumwona akimkaidi mama yake, hata kwa jambo dogo. Kwa Wasukuma huo si mchezo. Mama hakurudia kusema. Akaacha tu kupita upande ule wa mji, na mwanawe akimsalimia anaitikia "marahaba" akiwa anaangalia pembeni. Chakula kikawa kinaliwa nyumba nzima kimya.

Na mimi ndipo ulimi uliponitoka. Nilimfuata siku moja kule kichuguuni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, kama Geita inakuita nenda! Usituletee Geita nyuma ya zizi. Mama yako analia, unadhani halii kwa sababu humwoni?"

Alijifuta jasho. "Ingia uone," akasema.

"Siingii."

"Ingia, mama. Ukitoka tukana vizuri."

Nikaingia, kwa hasira. Unainama, unapanda ukingo wa udongo aliouacha mlangoni ili maji yasipite, halafu unajikuta mahali unapoweza kukaa wima. Mlango aliuelekeza mbali na upande unaotoka upepo wa mvua. Juu alikuwa ameweka magogo ya migunga, yale wanayoyaita matimba, ya kushika udongo usiporomoke, yamekatwa na kubanwa sawasawa, hakuna lililolegea. Nililigonga moja kwa ngumi, nikaumia mimi. Alitoboa tundu la hewa kwa juu na kuliwekea kifuniko cha bati. Chini alitandika majani makavu ya ngitili. Pembeni alitenga vyumba kwa fito, kila mama na watoto wake.

"Chini hakuna baridi," alisema. "Kule tulikuwa tunafanya kazi vifua wazi, juu watu wamevaa makoti. Nikawaza, joto lile lote tumelifaidi sisi tu. Kaka ndiye aliyesema. Alisema shimo la hivi lingewafaa kondoo wa shemeji."

Nilikaa chini kwenye majani yale. Sikutukana. Niliona fahari. Mume wangu! Wanaume wa huku wanajenga zizi la miiba na kuliita kazi, na wangu kajenga nyumba ndani ya kichuguu, kwa mikono, na kila gogo limekaa mahali pake. Nilimwambia, "Umejenga vizuri." Kwangu, kwa kumsifia mtu, hayo ni maneno mengi.

Mvua zikaanza, na kondoo wakaanza kuzaa. Nilimfundisha kazi. Mtoto akitoka, kwanza mfute pua na mdomo. Mwache mama amlambe, usijifanye wewe ndiye mama. Kitovu kipake dawa ya kidonda. Halafu chuchu, ikamue kidogo, maana ina nta mbele, mtoto mdogo hawezi kuizibua. Yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, dang'a, asipoyapata upesi hesabu umemkosa. Ukimwona amenyong'onyea, mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa moto, ana njaa tu. Ukiwa wa baridi, kimbia naye ndani.

Alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuwa na mikono ya pole, mikono ile ya kupasua mawe. Nilimkuta siku moja mvua inapiga nje, amekaa ndani ya duara lake, mtoto mmoja kamlaza tumboni chini ya shati, anamsemesha Kisukuma. Wa mwaka jana wangekuwa wamekufa wote kwa mvua ile. Mwaka huu hakufa hata mmoja. Ndiyo, nasema tena: hata mmoja!

Lakini simu bado ilikuwa inalia, na bado alikuwa anaenda kuipokelea nyuma ya ghala.

Kisha likaja jambo la bodaboda. Kijana wa bodaboda aliniletea pumba za mahindi kutoka mjini Shinyanga. Wakati anashusha kiroba, jicho lake likaenda kwenye kichuguu. Akaona mdomo wa shimo. Akaona matimba. Akamwona mume wangu anatoka ndani, kichwani ana taa ya mchimbaji, magoti yana udongo mwekundu. Na habari za mume wangu wanazijua wote, kwamba ni mtu wa Geita.

"Mama, mnafanya nini pale?"

"Tunalaza kondoo."

Yule kijana alicheka, akanikonyeza. Akawasha pikipiki, akaondoka bila hata kudai nauli yake.

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia nikasikia salamu, "Mwangaluka mayo!" Wanaume wawili wenye sululu. Kabla sijawaitikia vizuri wakatokea wengine wanne, wana machepe na karai. Wengine walikuja kwa baiskeli, wengine wanne kwenye pikipiki moja. Wanaangalia kile kichuguu kama watu wanaoangalia meza ya harusi. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, mgawo mnaupangaje? Nani anashika foleni?"

"Mgawo wa nini?"

"Mama, usitufiche. Sisi ni majirani."

"Ndani kuna kondoo!"

"Sawa, mama. Kondoo." Na wenzake wakacheka kwa siri.

Jamani! Kufika saa nne akawa amekuja mama ntilie na masufuria yake, kawasha jiko chini ya mwembe wangu, anauza chai na maandazi. Ukimwona mama ntilie amefika ujue watu wameshaamini. Nikamwambia dada, hapa hakuna dhahabu. Akasema, "Najua, dada yangu, lakini hawa wana njaa."

Mume wangu alisimama mdomoni mwa duara na fimbo ya kuchungia, akawazuia wasiingie. Ndani kulikuwa na mama waliozaa na watoto wa juzi na jana, na miguu ya watu wale ingewamaliza. Na jike langu kubwa jekundu, mjukuu wa yule wa kwanza niliyepewa na baba mkwe, alikuwa anahangaika tangu asubuhi, analala na kuinuka, anakuna ardhi. Nilijua siku yake imefika.

Mchana akafika mtu ambaye sikumtegemea. Yule mwenzao wa Geita, aliyemfukua shemeji pamoja na mume wangu. Habari zilikuwa zimeshafika huko kwa simu. Mtu yule hata ukiwa na hasira unampokea kwa mikono miwili. Nilimpa maji ya kunawa, nikamwita "baba" kwa heshima. Alimwamkia mama mkwe kwa kupiga magoti.

Alipoelezwa habari za kichuguu alicheka sana. Akachota udongo wa pale, akausafisha kwenye karai langu mbele ya watu wote, akauzungusha maji mpaka chini kikabaki kitu kinachometameta. Watu wakapiga kelele. Akainua mkono. "Ni ulanga huu, mawe ya kung'aa tu," akasema. "Hata mtoto wa Geita hadanganyiki. Hakuna kitu." Nusu yao wakaamini. Nusu wakasema, "Ehee, wamepanga, wanatuzuga." Hao hawakuondoka.

Wingu likaanza kukusanyika upande wa mashariki, jeusi. Watu wakajibanza chini ya paa la ghala. Yule mgeni na mume wangu wakaingia sebuleni, na mimi nikapeleka chai. Sikwenda kusikiliza. Nilikwenda kupeleka chai, na masikio ni yangu.

"Tumeufikia mwamba," mgeni alikuwa anasema. "Ule ule aliokuwa anaufuata kaka yako. Umeota vizuri, dhahabu unaiona kwa macho. Nafasi yako tumeiacha, na yake hatujaweka mtu. Tunakusubiri wewe. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, dhahabu ya kichuguu ilikuwa kisingizio tu."

Mume wangu alikuwa anaangalia mikono yake. Hakusema ndiyo wala hapana. Niliweka kikombe, nikakimwaga, nikatoka bila kufuta.

Nilikimbilia kwa kondoo, maana pa kukimbilia pengine sikuwa napo. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kuuma. Ndani ya duara jike langu jekundu alikuwa amelala ubavu, anakoroma. Nilichungulia kwa tochi ya simu. Ulikuwa umetoka mguu mmoja na pua. Mguu wa pili haupo. Umerudi nyuma, na ukiuacha hivyo mama na mtoto wanakufa pamoja. Nilijaribu, mkono wangu ni mpana, haukupita. Nikapiga kelele.

Mume wangu akaja mbio, mgeni nyuma yake. Akaingia, akamshika kondoo kichwa. "Mtoe nje," akasema mtu mmoja. Nje! Kwenye mvua ile! Nilimtukana yule mtu, Mungu anisamehe.

Mkono unaofaa kazi ile ulikuwa mmoja tu katika mji wote. Mama mkwe amezalisha mbuzi, ng'ombe, kondoo na watu, na mkono wake ni mdogo kama wa mtoto wa shule. Nilikimbia nyumbani. Alikuwa ameketi mlangoni.

"Mama, jike jekundu amekwama. Mguu umerudi."

"Mlete."

"Hatoki, Mama. Akitoka anakufa."

Kisha akainuka, akachukua sabuni na mafuta ya alizeti, akajifunika kanga kichwani. Watu chini ya ghala wakampisha. Alifika pale kwenye kona ya zizi, akasimama. Mvua inampiga. Mbele yake shimo, na ndani ya shimo mwanawe, kaangaziwa na taa ya kichwani, kama yule mwingine bila shaka alivyokuwa, siku ile ya mwisho. Sabuni ikamdondoka. Niliiokota. Nikaifuta tope, nikamrudishia.

"Mama, usiingie," mume wangu alisema kutoka ndani. "Nitajaribu mwenyewe."

Mama aliangalia juu, kwenye dari ya shimo.

"Hayo magogo uliyaweka mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Sogea," alisema, akapiga magoti, akaingia.

Nilishika tochi mlangoni, nusu yangu ndani, nusu nje kwenye mvua. Alijipaka mafuta mpaka kiwiko. Hakuvuta. Alimsukuma mtoto nyuma taratibu, akisubiri kondoo apumue, akausaka ule mguu kwa vidole, macho ameyafumba, midomo inatembea. Mwanawe alikuwa amemshika kondoo na kumwangalia mama yake. Walikuwa wamegusana mabega, sehemu ni finyu, na hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu msiba. "Nimempata," akasema. Kwato akaifunika kwa kiganja isije ikamchana kondoo, akauleta mguu mbele, na mtoto akateleza akaja mwenyewe. Hakupumua. Mama alichukua unyasi akamtekenya puani, akamsugua mbavu kwa majani, kwa nguvu, anamgombeza Kisukuma. Yule mtoto akapiga chafya. Tukacheka wote watatu mle ndani. Halafu akaja wa pili, huyo hakuhitaji mtu.

Mvua ilipopungua mama alitoka kwanza, kanga imejaa ute na damu, watoto wawili kifuani. Wale watu wa ghala walikuwa wamesogea mpaka karibu. Mmoja, ambaye bado alikuwa na karai lake mkononi, akashindwa kuvumilia.

"Bibi, mmepata?"

"Tumepata," mama mkwe alisema. "Wawili." Akamfunulia kanga aone.

Watu walicheka mpaka mama ntilie akapiga vigelegele. Walianza kuondoka wenyewe, mmoja mmoja, wakiwa wameona haya kidogo, na yule wa karai akaniomba akija tena kwa amani nimuuzie dume. Nikawarudisha watoto ndani kwa mama yao, nikahakikisha wamenyonya wote wawili.

Nilipotoka, mgeni wetu alikuwa amesimama na begi lake, anasubiri pikipiki. Mama mkwe alikuwa ananawa kwenye beseni, ametupa mgongo.

"Sasa niwaambie nini wenzangu?" mgeni aliuliza.

Mume wangu alikuwa bado na taa kichwani, amesahau kuizima. "Waambie wasinisubiri," akasema. "Nafasi yangu wampe mtu. Na ya kaka pia, msiiache wazi, mpeni mtu mwenye shida. Mimi sirudi."

Alilisema mbele ya mama yake, mbele yangu, mbele ya watu waliokuwa bado njiani, kwa sauti ya kawaida tu. Yule mgeni alimshika mkono muda mrefu. Alisema, "Umefanya vizuri," na nadhani alimaanisha. Pikipiki ikaja, akapanda, akaenda.

Mama mkwe alikuwa ameacha kunawa. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye vidole vyake. Akajikausha kwa upindo wa kanga na kumgeukia mwanawe, akamwangalia usoni sawasawa kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Nilidhani atalia. Nilidhani atamshukuru Mungu. Akainua fimbo yake, akaonyesha ule upande mwingine wa kichuguu.

"Chimba na kingine pale, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Mwakani watazaa wengi."

Mimi nilikwenda jikoni, nikakaa juu ya kiroba cha pumba, nikalia kwa sauti, na atakayetaka kunicheka anicheke.